Mtu wa Tatu Kwenye Laini

Vivianne Nasambu alikuwa amepokea simu za Kituo cha Tegemeo kwa miaka tisa. Kwa muda huo wote, sauti ya mpigaji ilipozama ghafla katikati ya mazungumzo, alidhani ni uzee wa laini.

Kituo kilikuwa Busia mjini, nyuma ya geti la bluu lisilo na kibao. Wanawake waliokimbia vipigo walipewa hapo kitanda, daktari na wakili. Namba ya simu ya mezani ilikuwa imeandikwa kwa rangi ndani ya milango ya vyoo vya wanawake sokoni, kuanzia Malaba mpaka Rukala, mahali ambapo mume hangeiona. Kwa hiyo namba haingeweza kubadilishwa. Na wafadhili walipojiondoa, laini ilibaki moja tu. Vyote viliitegemea: mtambo wa ofisi na simu zake sita za ndani, faksi ambayo wakili alipenda kutumia kuleta amri za mahakama, king'ora cha usalama, na simu nyekundu ya askari getini.

Wiki chache nyuma mambo yalikuwa yameharibika mara mbili. Kwanza ilikuwa msichana wa Amukura, kisha Nabwire wa Bumala. Wote walipiga, wakaelewana na Nasambu mahali pa kuchukuliwa, na gari la kituo lilipofika, mume alikuwa ametangulia. Habari za Nabwire zilizofuata zilitoka wodini. Taya lilikuwa limevunjwa.

Mkurugenzi, madam Zilpa, aliuliza swali moja tu: "Nani alijua mahali?"

Nasambu alijibu ukweli aliokuwa nao. "Mimi na Josiah."

Josiah alikuwa dereva. Alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, akaacha funguo mezani.

Jumanne moja, saa nne na nusu asubuhi, simu ililia.

"Tegemeo, habari ya asubuhi."

Kwanza alisikia ngurumo ya mashine, kisha sauti ya mwanamke aliyekuwa akihema. "Naitwa Amuron. Niko Malaba. Nimetoka kwa nyumba na mtoto, lakini stendi siwezi fika. Bwana yangu ni Okwara, yule wa kupitishia watu malori mpakani. Watu wa bodaboda wote ni marafiki zake."

"Pole, dada. Umeumia?"

"Mkono. Hauinuki. Na mtoto ame..."

Kitu kikalia *tk* ndani ya laini. Sauti ya Amuron ikazama kana kwamba amesukumwa ndani ya pipa. Nasambu aliubana mkonga sikioni, na macho yake, bila kutafuta chochote, yakatoka nje dirishani.

Kibanda cha geti kilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Ndani yake Methuselah, askari wa mchana, alikuwa ameinua mkonga wa simu nyekundu. Hakuwa akiongea. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Uko mahali pa..." alianza, kisha akaimeza sentensi.

"Kuna mtu anaingia, labda ni wa Okwara," Amuron akanong'ona kwa mbali. "Nitapiga tena." Laini ikakatika.

Pale getini, Methuselah akaurudisha mkonga polepole. Akatoa simu yake ya mkono mfukoni mwa shati, akageukia ukuta, na kuanza kuongea.

Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka sitini na kitu, aliyemletea Nasambu viazi vitamu kutoka shambani kwake. Kila Jumatatu alisimama uani na kuwaombea wanawake wa kituo mmoja mmoja, kwa majina. Nasambu alitamani sana awe amekosea. Lakini alikumbuka simu ya Nabwire. Sauti ilizama vilevile, na akamwambia Nabwire apaaze, arudie jina la duka, arudie tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya alirudie.

Alichukua simu yake ya mkono na kumpigia Otukei, fundi aliyeunganisha nyaya za kituo.

"Otukei, simu ya geti inaweza kusikia maongezi yangu?"

"Haifai. Kuna kile kiboksi niliweka hapo kando yako. Kimoja kikishika laini, vingine vinafungiwa nje. Wewe ukishika, faksi haina kitu. Faksi ikishika, wewe huna kitu."

"Nauliza geti."

"Geti ni tofauti. Baada ya wale wezi, madam alitaka simu ya kufanya kazi hata stima ikipotea. Mtambo wako bila stima ni sanduku tu. Nikaunga geti moja kwa moja kutoka kwa nguzo, kabla ya kiboksi."

"Kwa hivyo akiinua?"

"Anasikia kila kitu. Na kwako sauti itapungua, maana simu mbili zinagawana nguvu ya laini moja. Kwani kumetokea nini?"

"Nikate waya yake?"

"Usiguse! Hiyo waya ikikatwa, king'ora kinadhani ni mwizi. Kitanyakua laini kianze kupigia polisi na madam, dakika kumi nzima. Mtu akikupigia hapo atakuta iko bize."

"Basi njoo."

"Niko Port Victoria, dada. Hata nikikimbia, ni saa saba."

Nasambu alijaribu simu ya Zilpa. Ilikuwa imezimwa, alikuwa mahakamani pamoja na mshauri wa kituo. Awapigie polisi awaambie nini? Malaba ni kubwa, naye hakujua hata mtaa. Alimwita mpishi, akamtuma amwombe Methuselah aje kuhamisha mtungi wa gesi jikoni. Mpishi akarudi peke yake.

"Anasema hawezi kuacha geti bila mtu."

Kwenda mwenyewe hangeweza. Simu ingeweza kulia wakati wowote, na pengine Amuron alikuwa na nafasi moja tu iliyobaki.

Ilibaki namba moja. Aliitazama kwenye kioo kwa muda kabla ya kuibonyeza.

"Nani?" Josiah alijibu, ingawa Nasambu alijua jina lake mwenyewe limetokea kwenye simu ya Josiah.

"Ni mimi. Josiah, kuna mama Malaba, yuko na mtoto. Gari la kituo liko na madam. Nahitaji mtu aende."

"Na nikifika nikute bwana yake amesimama hapo, utasema nini tena?"

"Si wewe uliyesema. Nimejua leo. Nimejua sasa hivi."

Upande wa pili wa laini Nasambu alisikia maji yakimwagika. Josiah alikuwa akiosha magari ya watu mtaani Sofia tangu afukuzwe.

"Ni nani?" akauliza.

"Nitakuambia, lakini si sasa. Tafadhali."

"Malaba sehemu gani?"

"Bado sijui. Anza kwenda tu. Nitakupigia njiani."

"Unanituma Malaba, mahali hujui, kwa mtu humjui." Akashusha pumzi. "Shemeji yangu ako na Probox nyeupe. Naenda kwa sababu ya huyo mama. Si kwa sababu yako."

Nasambu alikaa akiitazama simu ya mezani. Saa tano ikapita. Methuselah alifungua geti akapokea kuni, akafunga, akarudi kwenye kiti chake karibu na ile simu nyekundu. Aliinua mkono kumsalimia Nasambu dirishani, kama kila siku. Nasambu naye akainua wake.

Saa tano na dakika kumi ikalia.

"Tegemeo."

"Ni Amuron." Ngurumo ile ile nyuma yake. "Amejua. Sijui nani amemwambia. Bodaboda zinauliza kila mahali kuhusu mwanamke amebeba mtoto. Dada, nisaidie, niko..."

*Tk.*

"Ngoja!" Nasambu alikaribia kupiga kelele. Akajilazimisha kushusha sauti iwe ya kawaida, ya kiofisi. "Ngoja kidogo, dada. Kuna karatasi ya mahakama inaingia kwa faksi hapa. Itapiga kelele kwa sikio lako. Usikate. Hata ikilia namna gani, usikate."

"Sielewi..."

"Usikate."

Akabonyeza kitufe cha kijani juu ya kiboksi, kile cha kuhamishia laini kwa faksi, kisha akaibonyeza faksi yenyewe ianze kupokea karatasi ambayo hakuna mtu aliyeituma. Mlio ukatoka, mwembamba na mkali kama chuma kinachokwaruzwa. Nasambu hakuitazama faksi. Alitazama kibanda.

Methuselah aliurusha mkonga mbali na sikio. Akakunja uso. Akaushikilia hewani. Nasambu alikuwa akihesabu kimoyomoyo: nane, tisa, kumi. Je, yule mama angevumilia mlio ule, akiwa na mkono mbovu na mtoto? Kumi na tano. Mzee alitikisa kichwa kwa kuudhika, akauweka mkonga chini.

Nasambu akabonyeza kitufe, akairudisha laini kwake.

"Dada? Bado uko?"

"Niko." Sauti ilikuwa nene sasa, ya karibu, kana kwamba Amuron ameingia chumbani. "Nini hiyo?"

"Jibu haraka. Uko wapi?"

"Kwa kisiagi cha mzee Okwakol, hapa wanaposaga mahindi. Nyuma ya reli. Hii ni simu yake."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama yangu?"

"Jina lake."

"Akwii."

"Atakuja mtu na Probox nyeupe. Atakutajia hilo jina. Asiyelitaja usimfuate, hata akija na Biblia. Sasa andika namba yangu ya mkono. Hapa usipige tena."

"Sina kalamu."

"Unga si uko hapo? Andika na kidole."

Akamtajia tarakimu moja moja, na Amuron akazirudia akiziandika kwenye unga uliotapakaa juu ya mzani. Zilibaki mbili. Getini, mkono wa Methuselah ulianza kurudi kwenye simu. Nasambu akazitaja zote mbili kwa pumzi moja, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Haya, laini ni mbaya sana leo, jaribu kesho," akakata.

Akampigia Josiah, ambaye alikuwa amefika Adungosi, kwenye njia ya Malaba. Nasambu alimpa mahali na jina, akavirudia mara mbili, kisha akaishika simu ya mkono kwa nguvu na kutoka nje hadi getini.

"Mzee, unampigia nani?"

Methuselah hakuruka wala kukana. Alisimama, kwa heshima, kama alivyosimama kwa kila mwanamke aliyeingia kibandani mwake.

"Nampigia mwenye nyumba, binti yangu. Mtu akipotelewa na mke na mtoto, si haki aambiwe?"

"Uliwaambia wale wengine?"

"Niliambia wazee wa kanisa lao. Wakae chini na bibi na bwana, wapatane. Nyinyi hapa mnavunja nyumba. Mnachukua mke wa mtu, mnachukua watoto, mnafunga geti, na mimi ndiye nimeshika ufunguo. Mke wa kijana wangu alitoroka na wajukuu wangu watatu. Huu ni mwaka wa sita. Sijui kama wanakula."

"Nabwire alivunjwa taya."

"Sikujua atapigwa. Walinipa ahadi."

"Lakini ulijua baadaye. Jumatatu ulimwombea taya lipone, nikiwa nimesimama hapo kando yako."

Mzee akaivua kofia yake.

"Okwara umemwambia nini?" Nasambu akauliza.

"Okwara namjua tangu nikilinda yadi ya malori Malaba. Si mtu mbaya akiwa..."

"Umemwambia nini?"

"Mahali hukutaja. Sikuwa na la kumwambia. Nimemwambia tu kwamba nyuma ya sauti kuna kisiagi kinasaga."

Nasambu alikuwa amelificha jina la mahali, na muda wote ule ngurumo ya mashine ilikuwa ikilisema badala yake. Na namba ya Okwakol hakuwa nayo. Mtambo wa ofisi haukuonyesha namba ya aliyepiga, na Amuron hakuwa amempigia kwenye simu ya mkono. Pengine mtu alikuwa ameupangusa ule unga mzanini.

Akampigia Josiah. Haikupokelewa. Akampigia tena. Alipoishusha kutoka sikioni, akaona namba ngeni ikiingia.

"Ni Amuron. Nilitaka kujua kama gari..."

"Mwambie mzee azime mashine!"

"Nini?"

"Wanakutafuta kwa masikio! Wameambiwa uko kwa kisiagi. Mwambie azime sasa, aseme stima imepotea!"

Alisikia Amuron akiongea Kiteso haraka haraka. Ngurumo ikashuka, ikakohoa, ikafa. Sauti za wanawake zikapanda mara moja: nani amezima, unga wangu uko katikati, mimi nimeacha watoto. Sauti nzito ya mwanamume ikawajibu kwamba stima si ya baba yake, wangoje.

"Umejificha?" Nasambu akanong'ona, ingawa alikuwa Busia.

"Nyuma ya magunia. Mtoto amelala."

"Usiongee tena. Acha simu wazi."

Akabaki amesimama kwenye jua kali la uani, simu sikioni. Methuselah alikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hakusogea. Zikaja pikipiki. Mbili, labda tatu. Zikasimama na injini zikaachwa zikinguruma.

"Mzee, hamsagi leo?"

"Stima imepotea," ile sauti nzito ikajibu.

"Mbona ng'ambo kule nasikia kinasaga?"

"Kile ni cha dizeli. Enda huko kama uko na haraka."

Nasambu alisikia pumzi ya Amuron karibu na simu, fupi fupi, na katikati yake mtoto akaguna usingizini. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaanza kulalamika kwa nguvu kuhusu watu wanaoegesha pikipiki juu ya debe lake la mahindi, akawafokea bila kupumua. Nasambu hakujua kama mwanamke huyo alielewa kinachoendelea au alikuwa ameudhika tu.

Injini zikapanda. Zikaondoka, zikafifia.

Kisha simu yenyewe ikakata. Alipopiga, akaambiwa mteja hapatikani.

Dakika kumi na nne zilipita. Alizijua kwa sababu hakuondoa macho kwenye saa ya simu. Methuselah aliketi chini kwenye ngazi ya kibanda, kofia mapajani. Mara moja alisema, "Naweza kumpigia Okwara, nimwambie nilikosea." Nasambu alinyoosha mkono, na mzee akaweka simu yake ya mkono juu ya kiganja chake bila kubishana.

Jina la Josiah likatokea kwenye kioo.

"Niko naye," akasema. "Na mtoto. Huyo mama hakutaka kuingia mpaka nikataja Akwii mara tatu. Alisema sitamki vizuri. Tumetoka Malaba. Nije huko?"

"Hapana. Okwara anapajua hapa sasa. Wapeleke kwa masista Amukura, nitawapigia kwa simu yangu."

"Mkono wake ni mbaya."

"Watamwita daktari."

Alidhani Josiah angeongeza kitu. Hakuongeza, akakata.

Zilpa aliporudi kutoka mahakamani saa nane, alimkuta Otukei juu ya ngazi akiutoa waya wa simu nyekundu, na Methuselah ofisini akingoja, amekaa wima, mikono juu ya magoti. Polisi walimchukua mchana huo. Hakukataa lolote, aliandika maelezo kurasa nne, kwa mwandiko mzuri, na mwishoni aliomba wamtafutie wajukuu wake.

Okwara alikuja siku mbili baadaye, akaligonga geti kwa jiwe mpaka askari mpya akabonyeza king'ora. Kesi yake ilifika mahakamani mwezi uliofuata. Amuron alisimama kutoa ushahidi mkono ukiwa bado na plasta. Alimtaja kwa majina yake yote matatu, na hakimu akamwambia mara mbili apaaze sauti, naye akapaaza. Nabwire alitaka kuwa pale lakini hakuweza kuongea vizuri. Aliandika barua, mwanasheria akaisoma. Wakati hadithi hii inaandikwa, hukumu haijatolewa.

Ijumaa ya wiki ile ya kwanza, Zilpa aliita mkutano wa wafanyakazi wote. Alianza kueleza jinsi laini itakavyopangwa upya. Nasambu akasimama kabla hajamaliza.

"Kuna jambo moja nataka lisikike mbele ya kila mtu," akasema. "Josiah alifukuzwa kwa sababu ya maneno yangu. Madam aliuliza nani anajua mahali, nikataja wawili, na mmoja alikuwa mimi. Sikujiuliza kama kuna mtu wa tatu. Ilikuwa rahisi kumtaja yeye. Alikosewa, na mimi ndiye niliyemkosea."

Josiah alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono bado ina harufu ya sabuni ya kuoshea magari. Watu wote wakamgeukia.

"Nimesikia," akasema.

Jumatatu alirudi kazini, akachukua funguo za gari ofisini kwa Zilpa. Kwa majuma mengi baada ya hapo alipita mbele ya dawati la simu kila asubuhi, akamsalimia mpishi, akamsalimia askari mpya, akaendelea na safari yake. Nasambu hakumlaumu. Kila alipopita alimwambia, "Habari ya asubuhi, Josiah," kisha akainamia daftari lake na kungoja simu ilie.